Batri ya kwanza ya binti yangu: mbao safi, matoazi ya aibu

Bei kwanza, maana ndilo swali la kila anayepita mbele ya lupango langu (ua wa nyumba yangu) akasikia kelele. Kwa seti hii ya ngoma za mtoto, muuzaji alitaja dola 230. Nilitoa 185. Nikaongeza dola 8 za teksi kutoka mjini hadi Katuba, kwa sababu dereva alidai boksi limekalia nafasi ya abiria wawili, na kweli lilikuwa limeikalia. Baadaye zikanitoka dola 55 nyingine kwa vitu ambavyo ndani ya boksi vilikuwa vya jina tu, au havikuwemo kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza batri ya mtoto ni bei gani hapa Lubumbashi, usitegemee niseme 185.

Huku kwetu tunaiita batri. Shemeji yangu wa Dar alipoambiwa kwa simu kwamba nimemnunulia mtoto batri, alidhani ni betri ya gari, akauliza mtoto wa miaka sita ana gari gani. Nazungumzia seti ya ngoma za bendi: ile kubwa ya kupigwa kwa mguu tunayoiita groskesi, ile yenye nyuzi za chuma chini tunayoiita kesi kleri, tomu zake (ngoma nyingine zisizo na nyuzi), na matoazi juu ya stendi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti, madirisha, vitanda, mambabula (majiko ya makaa). Muziki siujui, kanisani naimba kwa sauti ya chini ili nisiwapoteze wenzangu. Lakini chuma nakijua, na batri ya mtoto, ukiondoa mbao na ngozi, ni chuma. Ndiyo maana naandika.

Binti yangu alianza na bidoni. Alipokuwa na miaka minne alikuwa anageuza bidoni la manjano la lita 20, analikalia kwa nyuma na kulipiga kwa miiko miwili ya bukari, yaani ugali, mpaka mama yake akaanza kuificha. Krismasi ya mwaka jana nikamletea kutoka sokoni ngoma za plastiki zenye vibandiko vya katuni. Zilifika tarehe 24. Tarehe 27 ngozi ya ile kubwa ilikuwa imetoboka, na si kwamba mtoto alikuwa mkorofi: ilikuwa plastiki nyembamba kama ya mfuko wa mkate. Yeye mwenyewe alirudi kwenye bidoni. Bidoni lina mlio mzuri zaidi, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Halafu Jumamosi moja, wakati wa mazoezi ya kwaya, kijana anayepiga batri kanisani akampandisha kwenye kiti chake. Groskesi ya pale ni ya inchi 22, yaani sentimita 56 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtoto alipokaa, sisi wa benchi la mbele tuliona mafundo ya nywele tu. Ili mguu ufike kwenye pedali ilibidi ateleze mpaka ncha ya kiti. Na mguu ukifika kwenye pedali, mikono haifiki kwenye matoazi. Alijaribu kwa dakika kama tano, akashuka mwenyewe, akaja kuniambia sikioni: "Papa, hii njo ya batu bakubwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hoja ya kwanza ni mwili wa mtoto. Bei na mlio vinakuja nyuma yake.

Nasema hivyo kwa sababu karibu ninunue kosa. Mwanamuziki mmoja wa komini ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi) alikuwa anauza batri yake ya kazi, ya watu wazima, kwa bei nzuri kabisa. Kila mtu alinishauri niichukue: "Mutoto atakomea." Ni kweli, atakua. Lakini kiatu kikiwa kikubwa unaweka pamba mbele, mtoto anakwenda shule. Batri huwezi kuiwekea pamba. Mtoto atapiga amejinyoosha, mabega yamepanda masikioni, mguu unaning'inia, na yule kijana wa kanisani aliniambia kwamba mazoea hayo ya mwili ni magumu kuyang'oa baadaye kuliko kukosea mdundo.

Niliangalia pia zile za umeme. Mhandisi mmoja wa mgodi niliyemfanyia geti kule mtaa wa Golf amemnunulia mwanawe Roland, ya zile zenye ngozi za wavu ambazo kampuni hiyo ilianza kuziuza mwaka 1997. Nilikaa sebuleni kwake nikasikia tak-tak-tak ya vijiti tu. Muziki wote uko kwenye masikio ya mtoto. Ni kitu kizuri, sikatai. Ila hata pale, mguu ukipiga pedali sakafu inatetemeka, kwa hiyo anayeishi ghorofani asidanganywe na neno "kimya". Kwangu mimi umeme unakwenda na kurudi, na unaporudi unarudi na hasira. Tayari umeshaniulia friji na chaja mbili. Ngozi ya ngoma ikipasuka nanunua ngozi. Kile kisanduku chenye taa kikifa nampelekea nani? Mwenye inveta nzuri na jirani mkali, achukue ya umeme bila kuwaza sana. Mimi nina jirani mpole na umeme mkali.

Basi nikaenda dukani, mjini, mahali wanapouza spika, magitaa na kinanda. Jina la duka sitalitaja, na jina lililobandikwa kwenye ngozi ya mbele ya batri halina maana yoyote. Nadhani kila anayeagiza kontena anabandika lake. Ilikuwa nyekundu, ya vipande vitano: groskesi ya inchi 16 (sentimita 41), tomu za 8 na 10, tomu ya chini ya 13, kesi kleri ya 12. Nilikuwa nimeshasoma kwamba vipimo vya aina hiyo ndivyo zinavyotumia hata kampuni zenye majina. Ludwig wana Pocket Kit, waliyoitengeneza pamoja na Questlove, mpiga ngoma wa The Roots, bendi ya Marekani, nayo groskesi yake ni ya 16. Pearl wana Roadshow Junior, ya 16 vilevile. Kwa hiyo vipimo vilikuwa sahihi. Kilichobaki ni kujua nani kaiba wapi.

"Papa, hii iko ya batoto," muuzaji akasema. "Miaka tatu mpaka kumi."

"Kiti kinashuka mpaka wapi?"

"Kinashuka, Papa."

"Mpaka wapi?"

Akacheka, akaenda kuleta kiti.

Nilimwomba tufungue boksi lote. Alisita, nikamwambia sinunui mbuzi ndani ya gunia, akafungua. Nikatoa ngozi ya kila ngoma kwa ule ufunguo mdogo wa pembe nne unaokuja nayo, nikaulaza ukingo wa mbao juu ya kioo cha kaunta, nikaweka tochi ya simu ndani na kuzunguka nikiangalia kama mwanga unapenya. Ukingo ukiwa na mabonde, ngozi haikai sawa na ngoma haitaimba hata umlete nani. Nne zilikuwa safi. Tomu ya inchi 8 ilikuwa na mwanya mwembamba upande mmoja, unaoingia karatasi. Hilo ndilo lililonipa punguzo la mwisho la dola 15, na nyumbani nililimaliza kwa msasa laini uliolala juu ya kioo, robo saa tu.

Mbao ni tabaka sita zilizogundishwa. Mti wake muuzaji hakuujua; batri nyingi za kuanzia ni za mpopla, mti mwepesi na wa bei ndogo, na kwa mtoto hauna kosa lolote. Nilizigonga kwa kidole zikiwa uchi na zote zilijibu vizuri. Tomu hazina ngozi ya chini. Watu wa bendi wanadharau jambo hilo. Mimi naona ngozi chache ni skrubu chache, na mlio unakuwa mkavu, mfupi, mtoto anasikia waziwazi alipogonga sawa na alipokosea. Mbao ya batri hii naipa alama nzuri kabisa.

Sasa chuma.

Kiti kilishuka mpaka sentimita 43 kikagoma. Binti yangu, kutoka sakafu hadi nyuma ya goti, ana 29. Anayekaa kwenye batri mapaja yake yanatakiwa yateremke kidogo kuelekea magotini, na nyayo zote mbili zilale chini. Kwenye 43 alikuwa anaelea kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Kiti cha "batri ya watoto"! Nilikipeleka kwenye karakana, nikakata bomba la nje sentimita 12 kwa mashine ya diski, la ndani nalo nikalifupisha, nikatoboa tundu jipya la skrubu ya kukaza, nikazungusha ukanda wa mpira wa ndani wa tairi chini ya miguu mitatu. Sasa kiko kwenye 31, na akikua nitamchomelea bomba refu. Asiye na mashine apeleke kwa fundi yeyote wa mageti. Ni kazi ya saa moja. Au amtafutie mtoto kigoda imara kisicho na mikono. Kigoda cha jikoni ni bora kuliko kiti kirefu chenye nikeli inayong'aa.

Pedali ilifanya kazi wiki tatu. Siku ya Jumatano nikasikia mlio umekatika katikati, nikaingia ndani nikamkuta ameishika mkononi kama samaki. Bamba la kukanyagia lilikuwa limeachana na bawaba yake. Nilipoangalia kwa karibu, uchomeleaji wake ulikuwa nukta mbili, kila moja ndogo kuliko punje ya muhindi, na moja haikuwa imeshika kabisa: rangi ilikuwa imepita chini yake. Yaani ilitoka kiwandani imevunjika, ikasubiri mguu. Niliisugua, nikaishona kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 pande zote mbili, haijasumbua tena. Nikiwa hapohapo nikalegeza springi, maana ilikuwa imekazwa kwa mguu wa mtu mzima. Hilo nalo liangalie dukani: mweke mtoto, akanyage kwa ncha ya mguu. Akilazimika kusimama ili nyundo ifike kwenye ngozi, springi imekaza mno.

Sijafika kwenye matoazi kwa sababu yananiuma. Boksi lilikuwa na toazi moja la stendi na jozi ndogo ya charle, zile mbili zinazofungana kwa mguu wa kushoto. Nililipiga lile la stendi mara moja dukani, nikafikiri labda stendi imelegea. Haikuwa stendi. Lilikuwa linalia kama kifuniko cha sufuria kilichodondoka jikoni kwa jirani. Baada ya wiki mbili lilikuwa limejipinda kuzunguka kile kichwa cha katikati, na tundu lake limekuwa kama yai.

Mimi ni mtoto wa tanuru. Baba yangu alifanya kazi ya kuyeyusha shaba pale chini ya bomba refu la moshi linaloonekana kutoka kila pembe ya mji huu, na nilizaliwa wakati mkoa wenyewe ulikuwa unaitwa Shaba. Jina hilo lilidumu kuanzia 1971 hadi 1997. Kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo. Toazi linaloimba kweli ni shaba na bati. Bati lenyewe, la aina ile iliyochimbwa Manono miaka mingi, si bati la paa. Yale ya juu yana sehemu 80 za shaba kwa 20 za bati. Yanasubuliwa, yanafanywa bapa kwenye moto, yanapigwa nyundo, yanachongwa. Ukoo wa Zildjian umekuwa kwenye kazi hiyo tangu 1623, walianzia Constantinople (Istanbul ya leo). Yale ya kati ni 92 kwa 8, yanakatwa kwenye bamba lililokwisha tengenezwa, na kwa mtoto yanatosha sana. Haya ya boksi langu ni shaba na zinki, kitu kilekile cha bomba za maji na vitasa vya mlango, tena jembamba. Kitasa kizuri hakina lazima ya kuwa toazi. Shaba inapakiwa hapa kwetu, inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye malori yenye foleni ya siku nzima, inazunguka dunia, halafu inanirudia ikiwa kitasa kilichopigwa pasi! Baba angekuwa hai angelirusha nje.

Nililirusha kwa niaba yake. Kutoka kwa yule mwanamuziki wa Kenya nikanunua jozi ya charle ya inchi 14, ya 92 kwa 8, imetumika, ina alama za vijiti lakini haina ufa (pitisha ukucha ukingoni kote, ufa unaushika ukucha kabla macho hayajauona). Dola 30. Dola bora kuliko zote nilizotoa. Toazi la stendi hatuna hadi leo na hakuna aliyelililia.

Zilizobaki kwenye zile 55 ni hizi. Vijiti, dola 6: vya boksi vilikuwa vinene na kimoja kimepinda, weka juu ya meza, kiviringishe, utaona. Mtoto apewe 7A, ambavyo ni vyembamba na vyepesi kuliko 5A za kawaida. Kipande cha zulia, dola 7, kwa sababu kwenye saruji groskesi ilikuwa inamkimbia sentimita mbili kila mkanyago, naye anaifuata na kiti, mpaka siku moja nikamkuta amefika mlangoni. Na vifaa vya kuziba masikio vya saizi ya mtoto, dola 12. Hapa sibishani na mtu. Mashine ya diski imeniachia mluzi kwenye sikio la kushoto ambao hautaondoka. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Batri ndani ya chumba inapita 100 kwa urahisi. Havai, hapigi. Alilia siku mbili, sasa anavivaa hata akila.

Yule kijana wa kanisani anakuja Jumatano. Siku ya kwanza alifanya jambo ambalo nilitaka kumkatalia: alitoa tomu zote tatu, akaziweka juu ya kabati. Akaacha groskesi, kesi kleri na charle. Nikawaza nimelipia vipande vitano. Mwezi mzima mtoto alikuwa na vitatu tu, na mwezi huo ndio aliojifunza kitu: mguu, mkono, mguu, mkono, na charle ikitembea juu yake kama saa. Tomu zilipokuja kushuka zilikuwa kama zawadi ya pili. Kijana huyohuyo alinifundisha kukaza ngozi: skrubu zote kwa vidole kwanza, halafu ufunguo nusu mzunguko, na usizifuate kwa duara bali uvuke kwenda ya upande wa pili, kama unavyofunga nati za tairi. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kisha unagonga karibu na kila skrubu ukisikiliza ipi imelala. Ndani ya groskesi tumetia kitenge kizee cha mama yake, la sivyo inanguruma kama pipa.

Kuhusu majirani: tulikwenda kuwaona kabla, mimi na mama ya mtoto, na chupa mbili za soda. Makubaliano ni saa tisa na nusu hadi saa kumi jioni, Jumapili hakuna, na kukiwa na kilio, yaani msiba, kwenye avenyu yetu, hakuna kabisa mpaka watu watawanyike. Mwezi wa tano kulikuwa na vilio viwili. Kwa muda wote huo alipiga mto wa kitanda. Mama anayeuza makala (makaa) ng'ambo ya barabara ndiye aliyeniogopesha zaidi, na sasa ndiye anayeniuliza zikipita saa tisa na nusu: "Papa, mutoto eko mugonjwa?"

Ningeinunua tena? Batri hii, ndiyo, lakini kwa kusema hivi dukani: baki na matoazi yako na kiti chako, nipe ngoma tano, stendi na pedali kwa 140. Sijui kama angekubali. Kwa aliye na mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye miguu mirefu, ushauri wangu haufai. Huyo mpimie groskesi ya 18 au 20 kwanza. Na asiye na 185, anunue kesi kleri moja na stendi yake. Yule kijana wa kanisani alianza hivyo, na groskesi yake ilikuwa boksi la sabuni.

Ngozi ya juu ya kesi kleri sasa imeanza kuchoka, katikati kuna bonde ninaloweza kulaza kidole gumba. Natafuta ya inchi 12, ile yenye rangi nyeupe ya chokaa, si ya kung'aa. Mjini nimeambiwa zipo za 14 tu. Anayepita Kasumbalesa wiki hii akiiona, aniandikie bei kabla hajalipa.